Askari Aliyepika Mikate

Leo tujifunze habari ya Christopher Ludwick. Alizaliwa mwaka wa 1720 kule Giessen, Ujerumani. Baba yake alikuwa mpika mikate, akamfundisha kazi ile. Lakini kijana akaingia jeshi la Austria kupigana na Waturuki, nyuma akawa baharia. Mwisho akahamia Philadelphia, Marekani, akauza mikate ya tangawizi na kupata mali.

Mwaka wa 1775 Wamarekani wakaanza vita na Uingereza. Mwaka wa 1777 Kongresi yao ikamweka Ludwick kuwa mkubwa wa wapika mikate wa jeshi. Yasemekana walimwomba ratili 100 za mkate kwa kila ratili 100 za unga. (Ratili moja haifiki nusu kilo.) Ni haki, sivyo? Hapana, tupige hesabu. Unga ratili 100 tunautilia maji kama ratili 60: donge ni 160. Moto wa tanuru unakausha maji kidogo tu, mengi yanabaki ndani. Basi mkate unapita unga kwa uzito, na ile inayozidi mpika mikate angeiuza kimya-kimya, hakuna wa kumuuliza. Ludwick akakatalia: yeye atatoa ratili 135, juu hataki kutajirika kwa vita. Sisi tunaona ni askari wa zamani aliyesema pale, si mchuuzi.

Alikufa mwaka wa 1801. Aliacha mali ya kusomesha bure watoto maskini wa Philadelphia, bila kuuliza wazazi wao ni wa nchi gani ao dini gani.