Viungo Vinavyonyumbuka Kupita Kiasi: Tumwelewe Anayeumia

Msimu wa mpunga huku Tindiga, wilayani Kilosa, unataka mwili mzima. Mwenye viungo laini huweza kuchoka na kuumia mapema kuliko wenzake. Akisimama, magoti yanarudi nyuma. Kifundo cha mguu kinateguka topeni, bega linachomoka akijitwisha ndoo. Jioni viungo vinauma bila hata kuvimba, na kwa kuwa hakuna kidonda cha kuonyesha, anaitwa mvivu. Si mvivu. Maumivu yake ni ya kweli.

Mifupa hushikamanishwa na kano, nazo kano hupata uimara kutokana na protini iitwayo kolajeni. Wapo wanaozaliwa na kano zinazovutika zaidi, na mara nyingi hali hiyo hurithiwa. Hakuna aliyerogwa. Watoto wengi wana viungo vyepesi vinavyokaza kadiri wanavyokua, na watu wazima wengi wenye hali hii hawaumwi kitu wala hawahitaji tiba. Kijitabu hiki ni cha wale wanaoumia.

Wataalamu hutumia kipimo cha Beighton chenye alama 9, kilichochapishwa mwaka 1973 baada ya kupimwa Watswana wa Afrika Kusini. Huangalia kama kidole cha mwisho kinapinda nyuma kupita nyuzi 90, kama dole gumba linagusa kigasha, kama viwiko na magoti yanapitiliza kwenda nyuma, na kama viganja vinafika chini magoti yakiwa yamenyooka. Kwa mtu mzima, alama 5 au zaidi ni dalili ya kuchunguzwa, ingawa alama peke yake si ugonjwa.

Msaada mkubwa ni misuli yenye nguvu, maana ndiyo inayobeba kazi ambayo kano zimeshindwa. Keti kitini, nyoosha goti taratibu bila kulipitiliza, lishushe. Simama kwa mguu mmoja ukishika ukuta. Anza kidogo, ongeza polepole, usiache. Shambani, badilisha kazi kabla maumivu hayajaanza: ukipandikiza kwa muda, nenda kafunge mafungu ya miche. Tunawaomba wakandaji wasivute wala kunyonga viungo hivi, kwani kuvivuta huzidi kuvilegeza. Na mtoto asitakiwe kupinda vidole ili wageni wastaajabu.

Mtoto anayelalamikia maumivu ya viungo apimwe pia selimundu, ugonjwa ulio mwingi nchini mwetu. Kiungo chenye joto na uvimbe pamoja na homa, ganzi miguuni, au bega lililochomoka lisirudi, ni mambo ya kuwahi hospitali siku hiyohiyo.

Anzia zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya ya Kilosa au Hospitali ya Mtakatifu Kizito, Mikumi, na uulizie huduma ya fiziotherapia. Viungo vinavyochomoka mara kwa mara huweza kupelekwa hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam.

Kama unaye mtu wa namna hii nyumbani, mpeleke akapimwe sasa, kabla msimu wa kupandikiza haujafika.