Kabla Hujalala Chini ya Leza: Vidokezo 8 kwa Wavaa Miwani wa Kinakomba

Ukivaa miwani Kinakomba, taabu yake unaijua: vumbi la bodaboda, jasho la shambani msimu wa maembe, mtoto mgongoni anayeivuta kila mara. Si ajabu ukitamani kuitupa. Upasuaji wa leza ni tiba ya kweli, na Marekani iliidhinisha leza ya kurekebisha macho tangu 1995. Lakini safari ya hadi Nairobi ni ndefu, gharama ni kubwa, na sehemu ya jicho ikishachongwa hairudi. Soma haya kwanza.

1. Jua leza inatibu nini. Huichonga konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, ili mwanga utue panapotakiwa. Haiondoi mtoto wa jicho. Babu anayeona ukungu huenda anahitaji upasuaji mwingine, ambapo lenzi iliyochafuka hutolewa na kuwekwa ya bandia. Huyo mpeleke kwanza hospitali ya kaunti pale Hola; huko Pwani pia kipo Kwale Eye Centre, kilichoanzishwa 1993.

2. Angalia umri na namba. Uwe umetimiza angalau miaka 18, na namba za miwani yako ziwe hazijabadilika kwa mwaka mzima. Mama mjamzito au anayenyonyesha asubiri, kwa sababu homoni huyumbisha vipimo. Nawe unayekaribia miaka 40, jiandae: hata leza ikifanikiwa, miwani ya kusomea itakuja tu.

3. Macho yanawasha? Sema. Wengi wetu tuna mzio wa vumbi na tumezoea kuyasugua macho tangu utotoni. Kusugua sana huendana na keratokonasi, ugonjwa unaoidhoofisha konea na kuifanya ichongoke. Konea ya namna hiyo ikipigwa leza ya kuondoa miwani, uoni unaweza kuharibika zaidi. Usimfiche daktari.

4. Pima kwanza, lipa baadaye. Konea ina unene wa kama nusu milimita tu, kwa hiyo daktari lazima aupime unene huo na kuchora ramani ya umbo lake. Kama unavaa lenzi za jichoni, ziache mapema, kwa kawaida wiki mbili kwa zile laini na zaidi kwa zile ngumu, la sivyo vipimo vitadanganya. Ukiambiwa hufai, kubali. Nauli uliyotumia hadi Nairobi isikusukume kutafuta atakayesema ndiyo.

5. Uliza ni upasuaji wa aina gani. Katika LASIK, daktari hukata utando mwembamba wa konea, huufunua, hupiga leza chini yake, kisha huurudisha. Uoni hutulia haraka, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Katika PRK hakuna utando. Ngozi ya juu ya konea huondolewa na kuota upya. Maumivu ni ya siku kadhaa na uoni huchukua wiki kutulia, lakini hakuna utando wa kusogezwa jicho likigongwa. Mweleze daktari kazi unayofanya.

6. Usiogope chumba cha upasuaji. Utakuwa macho, jicho limetiwa dawa ya ganzi na kope zimezuiwa zisifumbe. Kwenye LASIK utasikia jicho likibanwa, na giza litakuingia kwa muda mfupi. Kisha utakodolea taa ndogo huku mashine ikitatarika, na huenda ukasikia harufu kama ya nywele zinazoungua. Ni kawaida. Miale yenyewe mara nyingi haimalizi dakika moja kwa kila jicho.

7. Panga malazi, si nauli pekee. Daktari atataka kukuona kesho yake, kisha tena wiki na miezi inayofuata. Nenda na mtu wa kukushika mkono, na mkae mjini mpaka daktari akuruhusu. Ukirudi, usisugue macho, usinawe wala kuogelea kwa maji ya Mto Tana mpaka uruhusiwe, na kaa mbali na moshi wa kuni. Macho makavu huwasumbua wengi miezi ya mwanzo. Taa usiku zinaweza kuonekana zimezungukwa na duara, kwa hiyo mwendesha bodaboda asikimbilie safari za usiku. Kwa wengi hali hizi hupungua; kwa wachache hubaki.

8. Dai karatasi zako. Uliza bei yote kwa mkupuo mmoja, pamoja na dawa na miadi ya baadaye, na uulize bima yako inalipa nini. Hakikisha daktari yumo katika sajili ya KMPDC, baraza la madaktari la Kenya. Kisha omba nakala ya vipimo ulivyofanyiwa kabla ya leza, uihifadhi pamoja na hati ya shamba. Uzeeni, mtoto wa jicho akija, daktari atavihitaji vipimo hivyo ili akuchagulie lenzi inayokufaa.