Mbabula ya Mama

Kijana mmoja wa darasa la tano, hapa Kolwezi, alipata kipande kimoja cha bati. Mbabula ya mama yake ilikuwa imetoboka, makala yakawa yanaanguka chini. Kijana akasema, "Nitamtengenezea mpya." Akachukua mkasi, akakata bati papo hapo, akalikunja, akalipiga nyundo. Kabla ya jua kutua, mbabula ilikuwa tayari.

Jioni mama aliwasha makala, akateleka sufuria ya bukari. Alipoanza kusonga, sufuria iliinama upande mmoja. Maji ya moto yakamwagika karibu kabisa na miguu ya mtoto mdogo. Mtoto hakuungua, lakini unga wote ulipotea, na siku ile walikula sombe tupu.

Babu yake alikuwa ameketi mlangoni. Hakumgombeza. Alimwita tu.

"Mjukuu wangu, sufuria ya mama yako ina upana gani?"

"Sijui, Kambo."

"Mama husonga bukari ameketi au amesimama?"

"Ameketi, Kambo."

"Hushika mwiko kwa mkono gani?"

Kijana alinyamaza.

"Basi mbabula hii ulimtengenezea nani?"

Kisha babu akainama, akachora kwa kidole mchangani umbo lenye mikono minne. "Unalijua hili?"

"Ndiyo, Kambo. Ni msalaba wa shaba."

Watoto, misalaba hiyo mmeisikia. Katika mwaka 1961 ilichorwa hata juu ya sarafu za Katanga. Lakini mafundi wa kale waliifanyaje? Baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, walikwenda vilimani kutafuta malakiti, yaani jiwe la kijani lenye shaba ndani yake. (Ninyi msiende kulitafuta mashimoni, udongo huanguka bila kupiga hodi.) Walichoma makala mengi. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavuta mivuo ya ngozi. Maji huchemka kwa digrii 100, lakini shaba haiyeyuki mpaka ifike digrii 1,085. Kazi ya siku nyingi ilitoa shaba kidogo, nayo ilimiminwa kwa muda mfupi sana.

Ilimiminwa wapi? Katika umbo lililokwisha kufanywa mchangani au katika udongo. Mkono wa msalaba ukipinda mchangani, kidole huufuta na kuuchora tena. Ukipinda katika shaba, lazima uwashe tanuru upya. Tena mchanga ukiwa na maji, shaba ya moto huruka na kuwaunguza watu. Kwa hiyo fundi alitazama kwanza, akamimina baadaye.

Umbo lenyewe halikukaa vilevile siku zote. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya kale huko Sanga, karibu na ziwa Kisale, katika bonde la mto wetu Lualaba. Wataalamu wameona kwamba misalaba ya zamani zaidi ni mikubwa, nayo huonekana juu ya kifua cha maiti. Ile ya baadaye ni midogo, ni mingi, tena hufanana. Wataalamu hudhani kwamba hiyo midogo ilikuwa fedha, maana vipande vinavyolingana huhesabika upesi. Kazi ya kitu ilipogeuka, umbo likageuka.

Asubuhi kijana alipima mdomo wa sufuria kwa kamba. Aliketi mahali pa mama, akashika mwiko. Kisha akamwuliza, "Mama, unataka nini katika mbabula?" Alidhani atasema, "Iwe nzuri." Mama akasema, "Mlango wa majivu usiangalie upepo. Majivu huingia katika sombe."

Hilo kijana hakuwa amelifikiri hata kidogo.

Akachora mchangani, akafuta, akachora tena. Halafu akakata karatasi ngumu ya sanduku, akaikunja kama mbabula. Ya kwanza ilikuwa nyembamba. Ya pili ilisimama kwa miguu minne, ikacheza, kwa sababu ardhi ya uani si sawa. Akakumbuka mafiga: ni matatu, na hayachezi. Ya tatu akaipa miguu mitatu. Karatasi ziliharibika, na hakuna aliyekosa chakula.

Ikabaki shida moja. Bati lilikuwa limekwisha katwa, na bati lililokatwa halirudi. Alipolikunjua, lilitosha bakuli la makala tu. Miguu akaifanya kwa vipande vya chuma alivyopewa na babu.

Jioni mama alisonga bukari kwa nguvu. Sufuria haikuyumba. Lakini baada ya chakula alisema, "Mwanangu, makala yanaisha upesi mno."

"Matundu ni mengi," kijana akasema, akainuka kuchukua mkasi.

"Acha mkasi," babu akamwambia. "Ziba matundu mawili kwa udongo, tuone kesho."

Maulizo
1. Babu aliuliza maneno gani, na kwa nini kijana hakuweza kujibu?
2. Kwa nini mchanga wenye maji ni hatari kwa mwenye kumimina shaba?
3. Chagua kitu kimoja cha nyumbani kinachosumbua. Mwulize anayekitumia kila siku, kisha kichore mchangani.