Taa ya Cheki Injini Ikiwaka, Soma Kwanza Ndio Ununue Spea



Sisi tunauza kwa simu, lakini mzigo hauendi kwa simu. Unabebwa na gari, na kwa mitaji yetu gari yenyewe ni pikapu ya zamani. Leo naomba tuongee kuhusu ile taa ya njano ya cheki injini, maana mimi imenila hela kwa sababu ya kutojua.

Niko Mafinga. Nauza stuli, meza ndogo na rafu za viatu za mbao. Oda napata Instagram na WhatsApp, mzigo natuma kwa basi la saa 12 asubuhi. Pikapu yangu ni Hilux ya 1996, ya petroli, injini ya EFI.

Mwaka jana mwezi wa sita taa ikawaka. Mchana gari iko poa kabisa. Asubuhi na baridi letu hili, unapiga starta mpaka betri inalia, ikiwaka inazimika ukiachia mafuta. Nikakosa basi mara mbili ndani ya wiki moja. Wateja wawili wakataka hela yao, nikarudisha 190,000.

Fundi wa kwanza akaangalia kwa macho tu, akasema, "Bosi, hiyo kontroli boksi imekufa." Nikanunua iliyotumika 280,000, ufundi 40,000. Taa ikabaki palepale, na dukani wakasema spea ya umeme hairudishwi.

Ndipo nikampelekea mzee mmoja fundi umeme. Nikamwamkia, nikamwelezea. Akacheka, akasema, "Mwanangu, hiyo taa inaongea. Hakuna aliyeisikiliza." Akachukua kipande cha waya. Nilichojifunza siku ile ndio hiki:

1. JUA GARI YAKO INASOMWAJE
Toyota nyingi za miaka ya 90 zina kiboksi kidogo chini ya boneti, kifuniko kimeandikwa DIAGNOSIS. Hizo zinasomwa kwa waya tu. Gari za baadaye zina soketi ya OBD2 chini ya dashibodi upande wa dereva. Hizo unachomeka kisomaji cha bluetooth, namba inatokea kwenye simu, inaanza na herufi P.

2. KUSOMA KWA WAYA
Zima injini, gia iwe huru, zima redio, taa na feni. Fungua kiboksi, tafuta tundu la TE1 na la E1. Majina yameandikwa ndani ya kifuniko. Unganisha hayo mawili kwa waya. Usibahatishe tundu lingine, unaweza kuunguza kitu. Halafu washa swichi mpaka ON, usipige starta.

3. HESABU
Taa itaanza kukonyeza. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikikonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza mara mbili tena, hiyo ni 22. Kama makosa ni mengi inayataja moja moja, halafu inarudia mwanzo. Andika kwenye karatasi, usitegemee kichwa.

Kwa Toyota nyingi za wakati huo, 21 ni sensa ya oksijeni, 22 ni sensa ya joto la maji, 41 ni sensa ya kipepeo cha hewa.

4. NAMBA INATAJA NJIA, SIO SPEA
Hapa ndio wengi tunapigwa. 22 haisemi "nunua sensa". Inasema njia ya sensa ya joto ina shida: inaweza kuwa sensa, waya, au kichwa cha waya. Mzee akapima sensa kwa mita. Ikiwa nzima, kwenye nyuzi 20 inasoma kama ohm 2,000 mpaka 3,000, na kwenye nyuzi 80 kama ohm 200 mpaka 400. Yangu ilikuwa nzima! Tatizo lilikuwa waya umeliwa na kutu ya kijani pale unapoingia kwenye kichwa chake.

Kompyuta ikikosa taarifa ya sensa hiyo, inajipa jibu lake kwamba maji yana nyuzi 80. Kwa hiyo asubuhi inatoa petroli kidogo, ya injini yenye moto, kumbe injini ni barafu. Ndio maana mchana gari ilikuwa haina neno.

5. FUTA, UJARIBU
Baada ya kutengeneza, zima swichi, toa fyuzi ya EFI sekunde 10 au zaidi, rudisha. Tembea na gari, soma tena. Namba ikirudi, kazi haijaisha.

Mzee nilimlipa 25,000, waya na ufundi humo humo. Jumlisha mwenyewe: niliteketeza 320,000 nikikimbia kazi ya 25,000, bado zile oda mbili.

MAMBO MAWILI ZAIDI
Kwenye gari za OBD2, taa ikikonyeza wakati unaendesha na injini inamisi, punguza mwendo, simama pembeni. Usilazimishe kufika.

Na ukienda kununua pikapu, washa swichi bila kupiga starta. Taa ya cheki injini lazima iwake, kisha izime injini ikiwaka. Isipowaka kabisa, jiulize nani katoa balbu na anaficha nini.

Siku hizi hata mauzo yakishuka nakumbuka ule waya. Zamani nilikuwa nakimbilia kulipia tangazo. Sasa naanza kusoma meseji za wateja, naona wameishia wapi. Mwezi uliopita niligundua wengi waliishia kwenye bei ya usafiri. Tangazo lisingesaidia kitu.

Gari yako inaonyesha namba gani? Andika hapo chini na mwaka wa gari, tusaidiane. Na fundi akikwambia nunua, muulize kwanza: "Umepima?"