Nani mwenye msitu wa Kilimanjaro? Maswali na majibu

Kazi yangu ni misitu na vijiji vinavyopakana nayo. Maswali yaliyo hapa chini hurudi kila mara kwenye mikutano ya vijiji vya mlimani, kuanzia Machame mpaka Marangu, na mengine wameyaleta wasomaji waliozaliwa huku na sasa wanaishi mbali.

Babu yangu alikata mbao na kulisha ng'ombe msituni. Mimi nikikutwa na mzigo wa majani nakamatwa. Tumekosa nini?

Mpaka umesogea mara kadhaa, na kila uliposogea sheria nayo ilibadilika. Wajerumani ndio walioanza kuutenga msitu huu, Waingereza wakaendeleza. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa nusu maili, kama mita 800 hivi, kando ya vijiji, ili watu wapate kuni, majani na mbao za kujengea bila kuugusa msitu wa ndani. Ukanda huo ulikuwa chini ya mamlaka ya Wachagga wenyewe, na baada ya uhuru ukaenda halmashauri. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, KINAPA, ilipotangazwa mwaka 1973 ilichukua hasa sehemu ya juu ya mlima. Mwaka 1987 UNESCO ikauingiza mlima kwenye urithi wa dunia. Kisha mwaka 2005 hifadhi ikashushwa mpaka chini, ikachukua msitu wote pamoja na ule ukanda. Tangu hapo, ukivuka kigingi cha mpaka umeingia hifadhi ya taifa, ambako sheria hairuhusu kuvuna.

Serikali ilikuwa na sababu. Uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka 2001 ulionyesha miti mikubwa ya mkulo ikikatwa na kupasuliwa mbao humohumo msituni, na tanuri za mkaa zikifuka moshi. Kuacha mambo yaendelee vile kungetumaliza. Hata hivyo, kuna kitu tulikipoteza, na nitakisema wazi: nusu maili ilikuwa mahali ambapo mwanakijiji alikuwa na haki inayotambulika na wajibu unaoendana nayo. Ni kweli ukanda ulisimamiwa vibaya kwa miaka mingi. Ungeweza kusimamiwa vizuri. Leo mtoto wa Kibosho anakua akijua kwamba msitu ni wa askari, na mtu hajisumbui kulinda kitu asichokihesabu kuwa chake.

Theluji ikiisha mlimani, mifongo yetu itakauka?

Kupotea kwa theluji kunaumiza macho yetu zaidi kuliko kunavyoumiza mito. Karibu maji yote yanayoshuka Moshi yanatoka kwenye msitu. Mjini hatupati hata milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, lakini upande wa kusini, kwenye mwinuko wa mita 2,200 hivi, msitu unapokea zaidi ya milimita 2,500. Juu zaidi miti yenye ndevu inanasa ukungu na kuudondosha ardhini tone kwa tone, hata siku ambazo mvua hainyeshi. Maji hayo ndiyo yanayojaza mifongo (mifereji) ya vihamba (mashamba yetu ya nyumbani), yanamwagilia mpunga wa Moshi chini, na yaliyobaki yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu na mto Pangani.

Kwa hiyo mimi naogopa moto kuliko jua. Oktoba 2020 moto uliteketeza kilomita za mraba 95.5 za mlima, na waliopanda kuuzima hawakuwa askari peke yao. Wananchi na wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka walikuwa bega kwa bega nao. Mlina asali anayeacha kienge kikiwaka, au mpishi wa watalii asiyezima jiko lake, anaweza kuharibu kwa siku moja kile ambacho mti unakijenga kwa karne.

Tunasikia "usimamizi shirikishi". Kijiji chetu kinaweza kupewa msitu?

Inategemea msitu gani. Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 zimeweka njia mbili. Kwanza, msitu ulio kwenye ardhi ya kijiji: mkutano mkuu unautangaza kuwa msitu wa hifadhi ya kijiji, mnachagua kamati, mnatunga sheria ndogo zinazopita halmashauri, na mapato yanabaki kijijini. Vijiji vya Duru-Haitemba kule Babati vilionyesha njia hiyo tangu miaka ya 1990, kabla hata ya sheria yenyewe kutungwa. Pili, msitu wa serikali unaosimamiwa kwa mkataba na vijiji jirani. Huku kwetu mfano wa karibu ni msitu wa Rau, kilomita chache tu kutoka katikati ya mji wa Moshi, wenye mti wa msoo ambao hauonekani popote duniani isipokuwa Tanzania na Kenya. Kama hujafika Rau, nenda. Ukisimama chini ya msoo huwezi kuamini kwamba bodaboda wanapita hatua chache kutoka hapo.

Hifadhi ya taifa haimo katika njia hizo mbili. Kule kuna idara ya ujirani mwema ya shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, inayochangia madarasa, zahanati na miradi ya maji kwa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Nashukuru kwa hayo. Lakini darasa ni zawadi, na zawadi haimpi mtu sauti ya kusema mti gani usikatwe au njia gani ifungwe. Wenzetu wa Uganda wamejaribu jambo lingine: pembezoni mwa Bwindi, ambayo nayo ni hifadhi ya taifa, tangu miaka ya 1990 watu wa vijiji walioandikishwa wanaruhusiwa kuingia maeneo maalumu kuweka mizinga na kuchukua dawa na malighafi za kusukia vikapu, na sheria inaelekeza asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi kwa majirani. Bwindi bado ina matatizo yake. Sokwe wa milimani wameongezeka hata hivyo. Naona hilo linatosha kutufanya tulizungumze upya suala la nusu maili, kwa utulivu na kwa maandishi.

Mimi ni mama wa Mbokomu. Kima wamemaliza mahindi na parachichi. Nilienda kudai kifuta jasho, nikaambiwa sistahili. Kweli?

Pole sana, mama. Kwa kanuni zilizopo, ni kweli. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za mwaka 2011 zinahusu wanyama walioorodheshwa kuwa hatari, kama tembo, kiboko, nyati, simba na mamba. Kima hayumo. Zaidi ya hapo, shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halilipwi chochote, na kiwango kinapanda kadiri unavyokwenda mbali. Nia ilikuwa kuwazuia watu wasilime mdomoni mwa wanyama. Lakini mlimani vihamba vilikuwepo kabla ya kigingi, na familia haiwezi kuhama mita 500 kwa sababu chini yake kuna kihamba cha mtu mwingine. Kanuni hiyo haikufikiria watu kama wewe, na wabunge wetu wa Moshi Vijijini na Vunjo wanapaswa kuisukuma irekebishwe.

Wakati tunasubiri, fanya haya. Mahindi yasiwe mstari wa kwanza kutoka msituni. Weka pale majani ya ng'ombe au kahawa, na mahindi uyasogeze karibu na nyumba. Fyeka vichaka kati ya msitu na shamba, kwa maana kima hapendi kuvuka mahali peupe penye mbwa. Lindeni kwa zamu na majirani asubuhi na jioni, kwa sababu kima akishafukuzwa kwa mama mmoja anahamia kwa wa pili.

Na tafadhali, tusimhukumu mbega kwa makosa ya kima. Mbega ni yule mweusi mwenye joho jeupe mgongoni na mkia wa manyoya meupe. Chakula chake kikuu ni majani ya miti, na akionekana juu ya mti wa mruka kwenye kihamba mara nyingi hakufuata mahindi. Wengi wameuawa bure.

Kuni tutapata wapi?

Ingawa sheria ya hifadhi hairuhusu kuvuna, kumekuwa na taratibu za akina mama kuokota kuni kavu kwa siku maalumu, na zimekuwa zikibadilika. Uliza ofisi ya kijiji kabla hujapandisha. Ila jibu la kudumu liko nyumbani. Kaya nyingi tayari zinapika kwa matawi ya mgrevilea yanayopogolewa kihambani. Mwenye ng'ombe wawili wa ndani anaweza kuwa na biogesi, na jiko banifu linapunguza mzigo wa kuni kwa kiasi ambacho mgongo unakijua.

Mradi gani una faida ya kweli kwa kijiji cha mpakani?

Kama ni mmoja tu, nyuki, na hasa nyuki wadogo wasiouma. Ukipita vihamba vya Uru au Old Moshi utaona kipande cha gogo kimening'inizwa chini ya upenu, ncha zimezibwa kwa udongo, na katikati kumetokeza kijibomba cha nta chembamba ambamo nyuki wanapita mmoja mmoja. Asali yake ni kidogo lakini bei yake ni kubwa kuliko ya nyuki wakubwa, mama anaweza kuilina bila moshi wala kupanda mti, na nyuki hao wanachavusha kahawa na parachichi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpango wa COMPACT, uliofadhiliwa kupitia UNDP, ulisaidia vikundi vya mlimani kwa ufugaji nyuki, vitalu vya miche na ukarabati wa mifongo. Vikundi vilivyodumu ni vile vilivyokuwa na soko.

Tahadhari inatoka Amani, Usambara Mashariki. Wakulima wa kule walifuga vipepeo wa msituni na kuuza pupa wao nje ya nchi, na mradi ulisifiwa kila mahali. Mwaka 2016 serikali ikapiga marufuku usafirishaji wa wanyama hai, vipepeo wakiwemo, na kipato kikakatika siku hiyohiyo. Kijiji kisitundike maisha yake kwenye kibali kimoja. Vilevile utalii: wagumu wetu wanaobeba mizigo ya wapandaji wanajua msimu unavyoweza kufungwa na jambo lililotokea nchi ya mbali.

Kwa nini wataalamu mnasisitiza kihamba? Sisi tuliuliza habari za msitu.

Kwa sababu kihamba ni msitu, na ndio pekee ambao hati yake iko mkononi mwenu. Juu kuna mruka, mringaringa na msesewe, ule ambao gome lake linatiwa kwenye pombe ya mbege. Chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi na maharage. FAO iliitambua Shimbwe Juu mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia kwa mpangilio huo. Ndege, popo na mbega wanautumia kama kiendelezo cha msitu wa juu.

Sasa angalia kinachotokea. Bei ya kahawa ikianguka mtu anang'oa mibuni. Akipanda nyanya anataka jua, anaangusha mruka. Kihamba kinagawanywa kwa watoto watano, kila mmoja anamwaga zege. Kila mti wa kivuli unaoondoka unamsogeza mwenye shoka karibu na kigingi, maana kuni na mbao lazima zitoke mahali. Ukitaka kujua miti yetu inaweza kufika wapi ikiachwa, nenda upande wa Mbokomu: bondeni kuna mkukusu wa mita 81.5, mti mrefu kuliko miti yote ya asili iliyowahi kupimwa Afrika, uliotangazwa na watafiti mwaka 2016. Unakadiriwa kuwa na miaka kama 500 au zaidi.

Ningependa kuona sehemu ya fedha za hifadhi ikimlipa mwenye kihamba kwa kila mti wa asili aliouacha umesimama. Kazi yake ni ileile ya askari wa doria, na anaifanya saa 24.

Sisi tuko Dar na tunapanda kuja nyumbani Desemba tu. Tusaidieje?

Desemba ndiyo wakati vijiji vyetu vinajaa, na ndiyo wakati familia zinapogawa vihamba. Kabla ya kugawa, kubalianeni kwa maandishi miti ipi haikatwi na mfongo upite wapi, na nakala moja ipelekeni kwa mtendaji wa kijiji. Ombeni mkutano wa kijiji uitishwe mkiwa nyumbani, muulize taarifa ya kamati ya mazingira na fedha za ujirani mwema zilivyotumika. Miche msipande Desemba hata kama mvua za vuli bado zinanyesha, kwa sababu ukavu wa Januari na Februari utaiua. Acheni fedha ya miche, na ya kijana wa kuipanda masika yakianza Machi na kuinyweshea mpaka ishike.