Gunia la Vumbi la Mlima

Mlima Hayli Gubbi wa jimbo la Afar, Ethiopia, haukuwa na mlipuko hata mmoja katika kumbukumbu zilizoandikwa. Novemba 2025 ukalipuka. Majivu yake yalivuka Bahari ya Shamu, yakapita Yemen na Oman, yakafika anga ya India na kuvuruga safari za ndege. Wafugaji wa Afar walibaki na malisho yaliyofunikwa na vumbi. Wachuuzi wa huku kwetu Tanzania walibaki na wazo la biashara.

Tangu hapo barua nyingi zinazofika kwenye safu hii zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti. Je, ile "mbolea ya volkano" inayopitishwa kwa magunia inafaa kuwekwa shambani masika haya, badala ya mbolea ya DAP iliyopanda bei? Jibu fupi ni hapana. Jibu refu linaanzia mlimani kwenyewe, kwa sababu wakulima wengi wa Kilimanjaro, Meru na Rungwe wamekulia juu ya volkano na bado wanaamini kwamba kila kilichotoka tumboni mwake ni chakula cha mmea.

Milima ya moto haifanani. Nyamulagira, upande wa mashariki wa Kongo, una mgongo mpana uliolala kama ngao, na lava yake ni nyepesi, hutiririka mbali. Jirani yake Nyiragongo una kuta zilizosimama wima zaidi, lakini lava yake nayo hukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 iliingia katikati ya mji wa Goma na kuteremka hadi Ziwa Kivu. Mei 2021 ikashuka tena na kuishia pembezoni mwa mji. Lava ya namna hiyo ikiganda ni jiwe. Watu wa Goma wamejenga juu yake na kuta wamezijenga kwa mawe yake hayo hayo, lakini kulima juu yake ni habari ya vizazi vijavyo. Atakaye ushahidi wa karibu aende Tsavo Magharibi, Kenya, akaone lava ya Shetani. Imekaa karne kadhaa na sehemu kubwa bado ni mawe meusi matupu.

Kilimanjaro, Meru na Rungwe ni milima ya tabaka: lava, majivu, lava, vijiwe, majivu tena. Majivu ndiyo yaliyowapa wakulima bahati. Chembe zake ni ndogo, mvua huzivunja upesi kuliko lava iliyoganda, na udongo unaozaliwa humo ni mwepesi, jembe huzama bila kusukumwa, nao hushika maji muda mrefu baada ya mvua kukatika. Humo mna kalsiamu, magnesiamu na potasiamu. Ukiongeza karne nyingi za majani yaliyooza unapata vihamba vya Wachagga vyenye migomba na kahawa. Karne hizo nyingi ndizo ambazo mchuuzi hazitaji anapofungua gunia.

Ol Doinyo Lengai una tabia yake peke yake. Ndio mlima pekee duniani unaojulikana kutoa lava ya magadi katika zama zetu, nyeusi ikitoka na nyeupe ikishanyonya unyevu. Majivu ya nyanda za juu ulimo mlima huo ndiyo yaliyotandika mbuga za nyasi fupi kusini mwa Serengeti, ambako nyumbu huzalia. Hata hivyo chini ya nyasi hizo majivu yaliganda yakawa tabaka gumu ambalo mizizi ya miti haipenyi. Nyumbu wananenepa, lakini mwenye miembe asingepata kitu.

Sasa turudi kwenye gunia. Majivu ya volkano si majivu ya jikoni. Hayakuungua, ni kioo na mwamba uliosagwa na mlipuko. Kuni zikiungua huacha potasiamu na chokaa ambazo mmea huzipata msimu huo huo, ilhali mwamba uliosagwa hutoa vilivyomo kidogokidogo, kwa miaka. Naitrojeni, ambayo ndiyo mahindi huililia kuanzia wiki ya tatu, haimo kabisa. Vumbi lililo jamii moja na hilo huchimbwa Holili, mkoani Kilimanjaro, kwa jina la pozolana, likapelekwa viwanda vya saruji, na huko linafaa. Anayelipa pesa ya mbolea akapewa vumbi la mlima, ilhali shamba lenyewe lina kina kirefu cha udongo uliotokana na vumbi hilo hilo, ameibiwa mchana kweupe.

Ila mchuuzi si chanzo cha tatizo. Amekuta mlango wazi. Mlango huo umefunguliwa na desturi ambayo safu hii imeisema hadi imechoka: kutoa kila kitu shambani na kutorudisha chochote, kwa imani kwamba mlima utajaza pengo.

Mashamba ya tambarare chini ya Kilimanjaro yanaonyesha vizuri. Mahindi yakivunwa, mabua hufungwa na kupandishwa kwa ng'ombe wa ndani huko juu. Maharage hung'olewa na mizizi yake, yakapigwa nyumbani, makapi yakaenda njia hiyo hiyo. Samadi inayopatikana huishia kwenye migomba ya kihamba. Shamba la juu linazidi kuneemeka mwaka hadi mwaka, la chini linakonda, na mwenye shamba anasema mvua zimebadilika.

Hesabu yake ni ya mkato lakini inatosha. Tani moja ya mabua makavu hubeba kilo 6 hadi 10 za naitrojeni, na potasiamu kilo 10 hadi 20. Ukiondoa tani tatu umeondoa naitrojeni ya takriban mfuko mmoja wa urea wa kilo 50. Mfuko wa urea unanunulika. Potasiamu haimo kwenye urea wala kwenye DAP, kwa hiyo mkulima anayenunua zote mbili kila mwaka bado anaikausha. Juu ya hayo ameondoa kile kilichokuwa kioze na kuushikilia udongo huo mwepesi usisombwe na mvua ya kwanza.

Hakuna anayemwambia mfugaji awanyime ng'ombe chakula. Lakini nusu ya mabua ibaki shambani, ilazwe kukata mteremko. Na lori linalopandisha nusu nyingine lisishuke tupu; lishuke na samadi. Dalali anayenunua mabua akidai bei ni pesa tupu, mwenye shamba adai bei yake kwa samadi iliyooza. Wenye ndugu huko juu hawana hata sababu ya kumwita dalali.

Kuna ujanja wa udongo huu wa volkano usiojulikana vya kutosha: hukamata fosforasi na kuing'ang'ania. DAP ikirushwa juu ya shamba, sehemu kubwa hufungwa na udongo kabla mizizi haijaifikia. Iwekwe kwenye shimo, kizibo kimoja cha soda, ifunikwe kwa udongo kidogo, ndipo mbegu iingie. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60 hiyo ni kama mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari. Konzi ya samadi kwenye shimo hilo husaidia fosforasi isifungwe haraka.

Wafugaji waliouliza kuhusu majivu mabichi wasiyafanyie mzaha. Mlipuko wa Laki, Aisilandi, ulioanza mwaka 1783 ulimwaga floridi kwenye nyasi; karibu kondoo wanne kati ya watano walikufa, kisha njaa ikaua takriban mtu mmoja kati ya watano. Ngazidja nako, visiwani Komoro, Novemba 2005, majivu ya mlima Karthala yalichafua matangi ya maji ya mvua. Majivu yakianguka, mifugo ifungiwe na matangi yafunikwe. Kuzunguka Meru floridi haingoji hata mlipuko, imo kwenye maji. Kiwango cha juu kinachokubalika kwa kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na upande wa Ngarenanyuki maji huzidi hapo mara nyingi. Nyanya zinamwagiliwa, sawa, lakini maji hayo hayo wasipewe watoto wala ndama.

Rungwe ina shida ya namna yake. Mvua ya milimita 2,000 kwa mwaka au zaidi imesomba kalsiamu, udongo umekuwa mchachu. Chai hufurahia, maharage hudumaa. Kabla ya chokaa udongo upimwe, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole kiko karibu. Chokaa iingie mwezi mzima kabla ya kupanda na isichanganywe na DAP wala urea. Wenye viazi mviringo waende polepole zaidi, maana chokaa ikizidi, ganda la kiazi hutoka magamba na soko hukikataa; ni afadhali waiweke msimu wa mahindi, viazi vifuate. Viwango kwa ekari vitabidi vingoje toleo lijalo, nafasi ya leo imekwisha.