Selfu Ilipogoma Njiani Kwenda Kigoma

Pikipiki ya mwandishi wa makala haya ilizima Urambo, saa nane mchana, mwezi wa Oktoba, wakati ambao jua la Unyamwezi halimhurumii mtu wala chuma. Kila kitufe cha selfu kilipobonyezwa ilijibu "ta-ta-ta-ta", basi. Vijana wa bodaboda waliokuwa kijiweni chini ya mwembe walitoa hukumu kabla hata hawajainuka: "Betri imekufa hiyo, kaka. Tafuta nyingine."

Akatafuta, akanunua. Siku tatu baadaye, Kaliua, mlio uleule.

Njia hii ya Tabora na Ujiji, jirani ya Kigoma, ilipitiwa na misafara miaka mingi bila mtu kubonyeza kitufe. Wapagazi wa Kinyamwezi walifikisha pembe za ndovu Pwani kwa mabega yao. Livingstone na Stanley walitoka Ujiji wakaingia Kwihara, nje kidogo ya Tabora, Februari 1872, na chombo chao cha usafiri kilikuwa hasa miguu ya watu. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912. Mwaka huohuo, kule Marekani, Cadillac ilikuwa ikiuza magari yenye mota ya umeme ya kuwashia injini, kazi ya Charles Kettering, badala ya hendeli iliyozoea kuvunja watu mikono. Hiyo ndiyo selfu iliyogoma Kaliua.

Fundi wa Kaliua hakushika spana kwanza. Alisikiliza. "Ta-ta-ta" ya haraka maana yake umeme unafika ila hautoshi: ama betri haina chaji, ama waya umelegea au umeshika kutu. "Ta" moja nzito, kisha kimya, humfanya aishuku mota yenyewe, kaboni zake zilizolika, au rilei iliyoungua ndani. Kimya kitupu kinampeleka kwenye fyuzi, swichi ya klachi, na ile swichi nyekundu ya usukani ambayo watoto hawawezi kuipita bila kuigusa. Selfu ikizungusha vizuri na injini isiwake, betri haina kesi. Tafuta plagi na mafuta.

Halafu akatoa mita, ile ya bei rahisi ambayo kila fundi redio anayo. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.0, imekwisha, ichajiwe kwanza ndipo ihukumiwe. Kipimo cha pili hufanywa selfu ikiwa imebonyezwa: betri iliyojaa ikiporomoka chini ya volti 9 na nusu, kweli imechoka.

Ya mwandishi haikuporomoka. Fundi akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, akasema, "Bonyeza." Hapo mita ilipaswa kusoma karibu na sifuri, ikizidi nusu volti, umeme unapotelea njiani. Ilisoma volti 2 na ushee. Waya mnene wa hasi ulikuwa umelegea pale unapofungwa kwenye injini, vumbi na kutu vikajenga ukuta katikati. Dawa ilikuwa msasa na spana namba 10. Fundi hakuwa na haraka ya kusema bei, na mwandishi hakuwa na uso wa kuuliza.

Mwisho injini ikiwaka, mita isome kati ya 13.5 na 14.5 ukivuta mafuta kidogo. Ikibaki 12, betri haichajiwi. Ikipita 15, inachemshwa, na regyuleta ndiyo ya kubadilishwa. Wanaochaji kwa paneli ya sola bila kidhibiti hufanya uharibifu huohuo, maana paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa zaidi ya 17 juani. Betri ya maji ikipungua, iongezwe maji safi ya betri yasiyo na madini, si ya kisima, wala si tindikali. Dukani chupa zinafanana, kwa hiyo uliza. Ukifungua, anza na hasi. Ukifunga, hasi iwe ya mwisho. Na sigara ikae mbali, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa haidrojeni.

Kigoma, kwenye boti, vipimo ni hivyohivyo. Maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi ya bahari, ila mtikisiko wa injini hulegeza vichwa vya betri. Injini nyingi ndogo za boti zina kamba ya kuvuta, kama pikipiki ilivyo na kiki, na hapo ndipo uvivu unapozaliwa: mtu huvuta miezi sita bila kupima chochote. Pikipiki ya majini, ile inayokimbizwa na watalii Zanzibar, kwa kawaida haina kiki wala kamba. Ikiwa kimya, angalia kwanza kile kikamba cha usalama cha mkononi kama kimechomekwa. Kisha funua kiti, acha mvuke wa petroli utoke, ndipo uguse betri.

Ile betri ya kwanza iliachwa Urambo kama chuma chakavu, kwa bei ya soda mbili. Pengine mpaka leo inawasha pikipiki ya mtu.